Pedali Iliyofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Duka la Mama Rukia lilinukia vitu viwili ambavyo sijawahi kuvikuta pamoja mahali pengine: raba mpya na udi. Raba ilitoka kwenye mikanda ya injini, mipira ya breki na mabomba ya redieta yaliyoning'inia darini kama matumbo ya mbuzi siku ya sherehe. Udi aliuchoma yeye mwenyewe kila asubuhi katika chetezo kidogo cha udongo, akikipitisha kwenye kila rafu kabla hajafungua mlango wa mbele. Likizo ile ya Aprili mvua ilinyesha Meru karibu kila siku, na harufu hizo mbili zikaongezewa ya tatu, ya matope mekundu yaliyoletwa na viatu vya wateja. Nikikutana leo na harufu mojawapo tu kati ya hizo, mguu wangu wa kulia hujikaza wenyewe ukitafuta pedali.

Nilikuwa darasa la saba. Tulipanga vyumba viwili Kaaga, na mama yangu aliuza ndizi mbivu sokoni, upande wa pili wa barabara kutoka kwa duka hilo la vipuri. Kibanda chake kilivuja. Siku ya pili ya likizo alimwomba Mama Rukia aniruhusu nikae dukani mpaka jioni nisilowe, na Mama Rukia, mjane ambaye wazee wake walikuja Meru na biashara kabla baba yangu hajazaliwa, alinionyesha pipa lililojaa bolti na nati za kila aina zilizochanganyika kwa miaka mingi. Sikuambiwa nifanye nini. Nilizimwaga juu ya gunia nikaanza kuzipanga kwa unene, kisha kwa urefu, kisha kwa meno, yale mapana peke yake na yale membamba peke yake. Jioni Mama Rukia alisimama juu yangu akatazama mafungu yale kwa muda mrefu. "Huyu mtoto wako ana kichwa cha karani," alimwambia mama. "Mwache hapa hapa mpaka shule ifunguliwe." Hivyo ndivyo nilivyopata haki ya kukaa katika chumba cha nyuma, mahali ambapo msichana mwingine hakuwahi kukaa.

Chumba hicho kilikuwa cha Hamza, mpwa wa Mama Rukia, aliyemaliza kidato cha nne na kungoja kazi ambayo haikuja. Alikuwa na televisheni nene na mashine ya michezo ya magari, na wavulana wa mjini walimiminika humo mvua ikinyesha. Mwezi ule mjomba wake alimletea kutoka Mombasa kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukiona: usukani wa plastiki nyeusi wenye kibano cha kuushika mezani, pamoja na bamba la pedali mbili la kuwekwa sakafuni, la gesi na la breki. Maelezo yake yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wavulana waliufunga wenyewe kwa namna waliyoiona maishani mwao, na namna hiyo ilikuwa moja tu, ya madereva wa miraa. Karibu wote walikuwa watoto wa madereva hao, wanaume wanaotoka mji wa Maua na pikapu zilizojaa mafurushi yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, wakikimbiza miraa kabla haijanyauka. Kila mtoto wa Meru alizijua pikapu hizo kwa mlio wake kabla hazijatokea kwenye kona. Kwa hiyo kiti cha Hamza walikivuta nyuma mpaka mchezaji akalazimika kunyoosha mikono, wakakikata miguu ili akae chini kama aliyejilaza, na mkono mmoja ukabaki huru kwa ajili ya honi, ingawa usukani wenyewe haukuwa na honi.

Kisha walifanya jambo ambalo nadhani lisingefanyika mji mwingine wowote duniani. Pedali ya breki ilikuwa inawasumbua, maana mguu uliikanyaga kwa bahati mbaya gari likapoteza mwendo. Kirimi, mkubwa wao, mrefu kuliko wote na mtoto wa dereva aliyesifiwa kuliko wote, alichukua kipande cha mbao akakisokomeza chini ya pedali hiyo isiweze kushuka, kisha akaikaza pamoja na bamba kwa kamba ya mgomba, kwa fundo lile lile la kufungia miraa. "Breki ni ya wazee," alisema. Walipofika kwenye kona waligonga ukuta kwa ubavu, wakaburuzika nao mpaka kona ikaisha, wakaendelea. Hamza aliandika muda wa kila mmoja kwa chaki mlangoni, na jina la Kirimi lilikaa juu kabisa.

Baba yangu aliendesha lori. Lori la kukusanya majani chai, kutoka vituo vya wakulima kule juu mlimani mpaka kiwandani, katika barabara ambazo mwezi wa Aprili huwa si barabara bali ni utelezi mwekundu wenye korongo upande mmoja. Lilipanda likinguruma na kushuka likinung'unika, na mtu mwenye haraka angeweza kulipita kwa miguu. Mwaka mmoja kabla ya likizo hiyo, tajiri mmoja wa miraa alimjaribu baba kama dereva. Baba alifikisha mzigo wote ukiwa mzima, na akaufikisha umechelewa. Safari ya pili hakupewa. Habari hiyo ilizunguka mji wote, na kwa Kirimi ilikuwa mali. Kila nilipopita na pipa langu la bolti aliinua kichwa. "Mtoto wa lori, baba yako amefika au bado yuko njiani tangu Krismasi?" Siku nyingine alisema konokono humpigia baba honi apishe njia. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu, na Hamza naye alicheka, ingawa alitazama pembeni.

Nilikuwa mtoto anayependa kupima mambo, na jambo hili nililipima. Nilisimama nyuma ya kiti siku nyingi nikiangalia magari yao yakiburuzika ukutani, na niliona kwamba kila ukuta ulikula mwendo mwingi kuliko ambavyo breki ingekula. Baba hakuwa mwoga. Alijua kitu. Nilitaka kulithibitisha hilo mahali palepale alipodharauliwa, kwenye mlango ule wenye chaki. Nikamwambia Hamza nataka zamu.

"Msichana hashiki usukani hapa," Kirimi alijibu badala yake.

"Hamjakatazwa kushika bolti zangu," nikasema, "na kila siku mnazikanyaga."

Mama Rukia alisikia kutoka mbele. "Hamza! Chumba ni cha nani?"

"Chako, Shangazi."

"Basi mpe Gatwiri zamu yake. Amefanya kazi kuliko nyie nyote mnaojaza matope humu ndani."

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Niliikata kamba, nikachomoa kile kipande cha mbao, nikakanyaga breki kwenye kona ya kwanza, na bamba zima la pedali likateleza juu ya saruji iliyosuguliwa mpaka miguu yangu ikafika chini ya televisheni. Gari liliingia majanini. Chumba kililipuka kwa kicheko. Kirimi alinitoa kitini kwa heshima ya dhihaka, akiinama kama mhudumu wa hoteli, kisha akaifunga breki upya kwa kamba nyingine.

Jioni ile nilimuuliza baba dereva hukaa vipi. Sikumwambia kwa nini. Alikuwa amevua gambuti na alikuwa anakula mukimo karibu na jiko, lakini aliweka sahani chini, akachukua ungo wa mama uliokuwa ukutani, akaketi kwenye kigoda na kuushika ungo ule kwa mikono miwili. Alinionyesha viwiko vilivyokunjwa kidogo. Alinionyesha kwamba ukinyoosha mkono, kifundo chake kinapaswa kulala juu ya usukani bila bega kutoka kitini. Kisigino hukaa chini, vidole ndivyo vinavyofanya kazi. "Kona," alisema, "unaimaliza kabla hujaiingia. Unapunguza gari likiwa bado limenyooka. Ukishaingia, huna tena la kuamua." Mama alimkumbusha kwamba ungo si wa kuchezea. Aliurudisha ukutani na kuendelea kula, na mimi nilikaa kwenye kigoda kile nikikanyaga vipande viwili vya kuni mpaka nilipoitwa kulala.

Siku zilizofuata nilishughulika na kifaa kabla ya kushughulika na mwendo. Nilimwomba Mama Rukia kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nikakitandaza chini ya bamba la pedali, nikasukuma bamba mpaka likaegemea ukuta. Halikuteleza tena. Niliinua kiti kwa masanduku ya plagi na kukisogeza mbele. Kibano cha usukani kilikuwa kinacheza kwa sababu meza ilikuwa nyembamba, nikakijaza kwa kipande cha bomba la redieta lililopasuka. Na kila zamu yangu ilianza kwa njia moja: nilipiga magoti, nikafungua kamba ya mgomba, nikaiweka juu ya meza mbele ya macho ya kila mtu. Nilipoinuka, Kirimi aliirudisha. Kesho yake niliifungua tena. Hatukuwa tunazungumza, lakini kamba ile ilizungumza. Muda wangu ulishuka kidogo kidogo mlangoni, nikampita mmoja, nikampita mwingine, na wavulana wakaanza kusema kwamba mashine inanipendelea.

Wiki ya mwisho ya likizo lori la baba liliharibika mpira wa breki, na alitumwa mjini kuchukua mwingine. Alikuja kwa Mama Rukia. Aliingia chumba cha nyuma kunisalimu akiwa na koti la mvua linalochuruzika, na Kirimi akaona nafasi yake. Aliinuka kitini kwa adabu kubwa. "Mzee, karibu. Tuonyeshe."

Nilitamani akatae. Hakukataa. Alivua koti, akakaa, akasogeza kiti, akaiona breki iliyofungwa, akaifungua bila kuuliza. Kisha alianza, na kwenye kona ya kwanza aliingia ukutani. Alirudi nyuma akajaribu tena, akaingia ukutani mwingine. Wavulana walijizuia, halafu wakashindwa. Baba alitazama mikono yake. "Hili gari haliniambii kitu," alisema. "Halina uzito. Sijui magurudumu yako wapi." Ilikuwa kweli, na nilijua ni kweli, kwa sababu dereva wa lori husikia barabara kwa kiti na viganja, na plastiki ile haikumpa chochote. Lakini katika chumba kile yalisikika kama maneno ya mtu anayejitetea. Baba alipoinuka, Kirimi alikuwa amepiga magoti tayari, akiifunga breki. "Nimewaambia," alisema. "Hata kwenye tivii anachelewa."

Sikungoja zamu. Nilimsogeza Kirimi kwa bega, nikaifungua kamba tena, nikakaa mbele ya baba akiwa bado ameshika koti mkononi. Niliendesha kama alivyonionyesha kwa ungo. Nilipunguza gari likiwa limenyooka, nikaiacha kona ijimalize, nikarudi kwenye gesi mapema. Sikugusa ukuta hata mara moja. Hamza alisoma saa ya kiooni, akaisoma tena, akafuta jina la Kirimi kwa kiganja na kuandika langu mahali pake. Nilikuwa nimemshinda kwa chini ya sekunde moja.

"Amefundishwa na nani?" Mama Rukia aliuliza kutoka mlangoni, ingawa alijua.

"Na baba yangu," nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo hata wateja wa mbele waliisikia.

Baba alivaa koti, akachukua mpira wake wa breki, na alipofika mlangoni akageuka. "Kona ya tatu umechelewa kuachia," alisema, kisha akatoka kwenye mvua. Kirimi aliifunga pedali tena kabla sijainuka vizuri. Kesho yake niliikuta imefungwa, nikaifungua, na hivyo hivyo mpaka shule ikafunguliwa.

Sitadai kwamba breki ilikuja kumwokoa mtu, wala kwamba kukosekana kwake kulimwangamiza mwingine. Kirimi yu hai, ana magari yake, tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri. Mimi niliacha shule baada ya kidato cha pili na kujifunza kompyuta kwa vitabu vya mitumba, na leo nina duka la kuchapa na kunakili Nchiru, karibu na chuo. Wanafunzi huniita Madam. Na mwaka huu, nikiwa mwanamke wa makamo, mjumbe wa kamati ya kanisa, niliamua kununua usukani wa mchezo wa magari, na sikuona haja ya kumwomba mtu ruhusa.

Nilisoma kwa miezi kadhaa kabla ya kununua. Usukani wa bei ya chini huwa na springi tu, ambayo hukurudisha katikati kwa nguvu ile ile hata gari likiwa kwenye lami, changarawe au hewani. Huo nilikuwa nimeshaujua. Mwingine una mota ndani, inayovuta mkono wako kadiri magurudumu yanavyoelemewa, na mota hiyo huweza kusukuma kwa meno ya chuma yanayopiga kelele au kwa mkanda laini. Upo pia ambao mota yake imeshika mhimili moja kwa moja, wenye nguvu ya kuvunja kifundo cha mzee. Nilichagua wa mkanda. Kisha pedali. Nyingi hupima mguu umeshuka umbali gani, lakini chache hupima umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, na mguu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali. Nilitaka breki ya namna hiyo hata ikinilazimu kungoja. Nilihakikisha pia kwamba usukani huo unakubaliwa na mashine niliyonayo, kwa sababu uliotengenezewa mashine ya kampuni nyingine hautambuliwi hata uuchomeke vipi. Muuzaji wa Nairobi aliniuliza kwa simu, "Mama, ni ya kijana wako?" Nikamwambia ni yangu. "Ni zawadi?" Ni yangu. "Basi chukua huu una mataa kwenye rimu." Nikamwambia dereva hatazami rimu.

Dada yangu Kinya, anayefanya kazi ofisini Embu, alinipigia aliposikia ninamnunulia nani hasa. Baba sasa anakaa Ruiri na mbuzi wake wachache. Macho bado ni mazuri, lakini magoti yalimshinda kupanda lori miaka mingi iliyopita, na tangu auze pikapu aliyoinunua baadaye huketi mlangoni akitazama magari ya wengine. "Unataka kumkalisha kwenye mchezo wa watoto," Kinya alisema, "vijana wamcheke tena?" Neno hilo la mwisho lilinikaa moyoni. Nilimjibu kwamba nilikuwepo alipochekwa, naye hakuwepo, na kwamba safari hii chumba ni changu.

Niliuweka usukani katika chumba cha nyuma cha duka langu, juu ya meza nene ya mbao za mti wa mukima, nikaukaza kwa bolti badala ya kibano. Mara ya kwanza niliketi kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, na nilipokanyaga breki nilirudi nyuma mpaka nikagonga printa. Niliyang'oa magurudumu hayo. Chini ya bamba la pedali niliweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi, maana sijaona kitu bora zaidi tangu wakati ule. Nilipunguza ile nafasi ya katikati ambapo usukani hugeuka gari lisijue, na niliuruhusu uzunguke mara mbili na zaidi, kama wa lori, wala si nusu mzunguko kama wanavyopenda vijana. Mutuma, mwanafunzi anayekuja kuchapa kazi zake, alisimama mlangoni akitikisa kichwa. "Madam, hiyo setting ni slow sana. Na hiyo brake ni ngumu aje! Iondoe tu."

"Hapa breki haiguswi," nikamwambia. "Ukitaka kuiondoa, kachezee kwa jirani."

Baba alikuja Jumamosi, na fimbo yake na kofia ya sufu. Wanafunzi watano walikuwa wamebana mlangoni, sikuwafukuza. Aliketi, akanyoosha mkono mpaka kifundo kikalala juu ya usukani, akaniangalia nisogeze kiti kidogo. Gari lilipoondoka, usukani ulimvuta kiganja kwenye changarawe, na nikaona bega lake likiitikia. Alipunguza kabla ya kona, akaimaliza, akatoka. Magari yote yalimpita, moja baada ya jingine, mengine yakigongana mbele yake, na yeye akayazunguka polepole. Alifika wa mwisho kabisa. Mutuma alianza kucheka, akanitazama, akakohoa.

"Hawa walionipita," baba aliuliza bila kuachia usukani, "wanabeba nini?"

"Hawabebi kitu, mzee," Mutuma akasema. "Ni race."

"Ndiyo maana," baba alisema, akanigeukia. "Hili lina uzito. Rudisha mwanzo."